Pua Yangu Ilivyomwoza Kioko Wake Watatu

Kuna aibu ambayo mtu huizika ikazikika, na kuna nyingine ambayo ukoo mzima hukataa kuizika, kwa hivyo kila Krismasi unaikuta inakungoja mezani imenona kuliko mwaka uliopita. Hii yangu ni ya aina ya pili. Nimeona afadhali niisimulie mwenyewe kuliko kuendelea kuisikia kutoka kwa shemeji zangu, ambao wameitia chumvi mpaka sasa eti mbuzi alizimia (hakuzimia, alilala kidogo). Basi nakiri mapema ili tuendelee vizuri: niliaibika mbele ya watu arobaini na mmoja. Nilihesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata arobaini, halafu nikagundua nimemruka mama yangu mzazi, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa leso.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha nilikuwa nauza viatu vya mitumba sokoni Machakos, na watu walinijua kwa jina la Mama Mwende, kwa sababu ya binti yangu Mwende, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba na shule zikifungwa nilikuwa nakaa naye kibandani. Sasa, ukiuza mitumba unajifunza jambo moja haraka sana, kwamba mteja hamwamini muuzaji hata kidogo, na simlaumu, maana hata mimi siku nyingine nilikuwa nikijisikia naongea nashangaa. Lakini mteja huyohuyo mwenye macho makali atainama amuulize mtoto, kwa sauti ya upole, "Kasichana, hiki kiatu hakijashonwa mahali?" na chochote mtoto atakachosema atakibeba kama neno la kanisani.

Kwa hivyo tulikuwa na mpango wetu mimi na Mwende. Nikishika pua, jibu ni ndiyo. Nikishika sikio, jibu ni hapana. Basi. Na mtoto alikuwa hodari, jamani, alikuwa hodari mpaka ikafika wakati hata swali hasikilizi, macho yake yako kwangu tu kama mtu anayengoja taa ibadilike, na jibu linatoka safi bila kutetemeka. (Najua mnaniangalia vipi. Niliwaambia nakiri.)

Wakati huo mdogo wangu Kioko alikuwa anashona mashati kwenye kiwanda kimoja huko EPZ, lile eneo la viwanda la Athi River, na alikuwa amempenda mwalimu wa chekechea anayeitwa Ndinda, wa kwao Mwala. Alikuwa amempenda kwa miaka minne, na kwa miaka minne baba yake Ndinda, Mzee Mutisya, alikuwa anasema bado bado, mpaka mwishowe akatoa siku ya ntheo. Ntheo, kwa ambao hamkuzaliwa Ukambani, ni wale mbuzi watatu wanaopelekwa kwa kina msichana ili ijulikane kwamba huyu sasa ana wenyewe, na pasipo ntheo hata ukipanga harusi ya kengele na keki, wazee watakuambia hujaoa, umeazima. Kioko alinijia kibandani akasimama hapo anachezea kamba za viatu, mwanamume mzima wa miaka thelathini na mbili, akaniambia, "Dada, hii siku ikiharibika Mzee Mutisya hatatoa nyingine. Ameniambia hivyo kwa mdomo wake." Nikamwambia vai thina, yaani asiwe na shida, niachie mimi. Hayo ndiyo maneno niliyosema. Niachie mimi.

Mbuzi wawili tulikuwa nao nyumbani. Wa tatu ilibidi anunuliwe, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye mdomo, nikatumwa kwa Mzee Abdi, mfanyabiashara wa mifugo pale mjini, ambaye akiniona nikija huagiza chai kwanza kwa sababu anajua tutakuwa hapo mpaka adhuhuri.

"Mama Mwende," akaniambia, "wewe ukinunua yai unataka kwanza uonane na kuku."

"Na jogoo pia. Huyu mweusi ana miguu mingapi?"

"Minne."

"Wacha nihesabu."

Nikahesabu, ilikuwa minne, nikazunguka nikahesabu kutoka upande wa pili, na huko upande wa pili ndiko nilikokuta kovu. Mbuzi jike, mweusi tititi, mzuri wa kupigwa picha, lakini pajani alikuwa na kidoa kisicho na manyoya, cheupe, kikubwa kama kiganja changu. Mzee Abdi hakuficha chochote. Akasema seng'enge ilimchana akiwa mdogo, akapona, sasa ni mzima kuliko sisi wote wawili. "Nikikuuzia bila kukuonyesha ni dhambi," akasema, "nikikuonyesha ni bei nyingine." Nikalishika kovu hilo, nikalibishania mpaka likawa kubwa kuliko mbuzi mwenyewe, na ilipofika saa saba mzee wa watu alikuwa amechoka, akanipunguzia, akaniambia jambo moja tu wakati ananikabidhi kamba: "Huko unakompeleka, waonyeshe wewe kabla hawajaona wao."

Ningemsikiliza, leo nisingekuwa na hadithi.

Nilipofika nyumbani mama yangu akamzunguka yule mbuzi polepole. "Wa ntheo hafai kuwa na ila," akasema. "Hapa pana nini?"

"Kivuli," nikamwambia.

Basi hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Mdogo kabisa, wa ukubwa wa mkebe mmoja wa polishi nyeusi ya viatu. Asubuhi ya Jumamosi, siku yenyewe ya ntheo, pikapu niliyoikodi itupeleke Mwala ikiwa bado haijafika, nikampeleka mbuzi nyuma ya nyumba, nikamwita Mwende anishikie mkebe, nikachukua brashi yangu ya kazi nikampaka yule mnyama paja lote, nikalisugua kwa kitambaa likang'aa. Niseme ukweli, alipendeza. Kama angekuwa kiatu ningemweka mbele ya kibanda.

"Mama, mbuzi anaenda shule?" Mwende akauliza.

"Anaenda kuposa."

"Na hao wengine mbona hawapakwi?"

"Hao ni wasafi."

"Kwani huyu ni mchafu?"

"Mwende, shika mkebe."

Hapo nikakumbuka jambo ambalo Kioko alikuwa ameniambia, kwamba Ndinda amemwonya kuhusu nyanya yake, Susu Kalunde, ambaye wachumba humwogopa kuliko mtu mwingine yeyote katika boma lile. Susu Kalunde haulizi watu wazima swali hata moja. Anatafuta mtoto kati ya wageni, anamuuliza huyo. Mtu mwenye akili angemwacha Mwende kwa jirani. Mimi nikaona hii ni biashara niliyoizoea, tena nina mfanyakazi mwenye uzoefu, kwa hivyo nikachuchumaa nikamwambia, "Kuna susu huko atakuuliza maswali. Wewe niangalie tu. Ni kama kibandani."

"Hata akiuliza kama tumempaka mbuzi polishi?"

"Hasa akiuliza hilo."

Tukafika Mwala jua likiwa limeshapanda, na mambo yakaanza vizuri mpaka nikaanza kujipongeza. Mama yake Ndinda akatupokea kwa chapati na chai. Mzee Mutisya akatoka na fimbo yake akawakagua mbuzi mmoja mmoja, akawafungua midomo, akawapapasa mgongo, akafika kwa yule mweusi akasimama. Akatazama. "Huyu anang'aa," akasema. Nikamwambia ni majani mazuri ya kwetu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, mbuzi wakafungwa kando ya nyumba, kwenye ule ukuta waliokuwa wameupaka chokaa kwa ajili yetu, na sisi tukaingia sebuleni kukaa kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma. Msemaji wetu alikuwa Mjomba Ndambuki, mzee anayejua maneno yote ya ntheo kwa mpangilio, ila ana tatizo moja, kwamba akishiba chapati kwenye chumba chenye joto hulala akiwa amekaa wima, na huwezi kujua.

Halafu Susu Kalunde akaingia. Nilitarajia jitu. Akaingia kibibi kidogo chenye shuka begani na kikopo cha ugoro mkononi, akakaa kwenye kigoda katikati ya chumba, akasema (tulikuwa tunaongea Kikamba, nawageuzia hapa), "Watu wazima siwaulizi. Nimewauliza tangu nilipoolewa hapa, najua watakachosema. Huyu mtoto ni wa nani?"

"Ni wangu, Susu," nikasema kwa adabu.

"Sikukuuliza wewe. Mtoto, unaitwa nani?"

Mwende akanitazama. Mimi sikushika pua, sikushika sikio, maana jina halina upande. Akanyamaza. Chumba kizima kikangoja. Ilibidi nimnong'oneze, "Sema jina," ndipo akasema.

"Umekula, Mwende?"

Sasa, siku hiyo nilikuwa nimevaa hereni za kuazima, kubwa, nzito, za mwanamke mwenye masikio yenye nguvu kuliko yangu, na moja ilikuwa imeanza kunivuta tangu njiani, nikainua mkono niipunguze uzito kidogo.

"Hapana," Mwende akasema.

Mama yake Ndinda akageuka kutoka mlangoni. "Hajala? Nimempa chapati tatu kwa mkono wangu!" (Zilikuwa nne. Nilihesabu, lakini haukuwa wakati wa kusema.) Nikacheka kidogo, nikasema watoto ni watoto, nikairudisha mikono yangu magotini na kuikanya isiende popote.

"Mjomba wako Kioko ni mtu mpole?" Susu akauliza. Nikagusa pua taratibu, kama mtu anayefikiri. "Ndiyo," Mwende akasema, na mama yangu akatabasamu, na Ndinda aliyekuwa amesimama na wasichana wenzake karibu na pazia akatabasamu pia, na mimi nikajiambia kazi imerudi kwenye reli.

Hapo ndipo Susu Kalunde alipofungua kikopo chake. Akapigapiga ugoro kwenye kiganja, akavuta, akapangusa mkono hewani, na upepo wa dirishani ukauchukua ule unga wote uliobaki ukaniletea mimi, mimi peke yangu, kama mzigo ulioandikwa jina.

"Anakunywa pombe?"

Nikaibana pua kwa vidole viwili kuzuia chafya.

"Ndiyo."

Kioko akainuka nusu. Kioko hanywi. Kioko anaimba kwaya, soda ikiwa na mapovu mengi anaingoja itulie. Nikalidaka sikio haraka. "Hapana," Mwende akasema. Chafya ikanijia tena, nikaishika pua. "Ndiyo." Sikio. "Hapana." Pua. "Ndiyo."

"Anakunywa ama hanywi?" Susu akauliza.

"Kumbe amejaribu kuacha," mzee mmoja wa upande wao akasema kwa huruma, na wengine wakaguna, wakimwonea Kioko imani.

Nilitaka kuinuka nitoke nje nipige hizo chafya zote zikaishe, naapa nilitaka, lakini niliona nikitoka mtoto atabaki peke yake na ukweli, na ukweli wenyewe uko nje umefungwa kwa kamba unang'aa. Kwa hivyo nikabaki. Susu akasogeza kigoda chake karibu na Mwende, akauliza lile swali ambalo chumba chote kilikuwa kimelijia.

"Huko Athi River anakofanya kazi, ako na mke?"

Chafya mbili. Siyo moja. Mbili, zimefuatana, na kila moja nikaizima kwa mkono mzima usoni.

"Ndiyo," Mwende akasema. Kisha, kwa kuwa ni mtoto mwaminifu kwa kazi yake, "Ndiyo."

Shangazi mmoja aliyekuwa amening'inia dirishani kutoka nje akasema, "Amesema mara mbili. Ni wawili."

"Wawili?" Mzee Mutisya akauliza, sauti yake ikipanda.

Na neno hilo likamwamsha Mjomba Ndambuki. Mjomba, msemaji wetu, aliyelala tangu chapati ya tatu, akafumbua macho akasikia watu wanabishania idadi, akajua moja kwa moja kazi yake ni nini, akasimama akagonga fimbo sakafuni. "Wawili nani amesema? Ni watatu!" akasema kwa ile sauti yake ya mikutano. "Tena wote majike, wazima, wamekula vizuri! Wako nje hapo, twendeni mkawahesabu wenyewe!"

Jamani. Nimeuza viatu vya kushoto viwili kama jozi na mteja akarudi na polisi wa utawala, lakini sijawahi kuona biashara ikiharibika kwa kasi ile. Ndinda akaingia chumba cha ndani, pazia likabaki likitikisika. Mama yangu akachukua leso. Mzee Mutisya akanyoosha mkono akachukua kofia yake kutoka kwenye msumari, na katika boma lile, mwenye nyumba akivaa kofia akiwa ndani, wageni wanajua ni wakati wa kutafuta viatu vyao. Kioko akanigeukia. Hakuwa hata na hasira. Alisema tu, "Dada," basi, kama mtu anayesema jina la mahali alipopotezea kitu.

Nikashika sikio. Nikalivuta. Nikashika yote mawili. "Hapana, hapana," Mwende akasema, lakini hakuna aliyekuwa anasikiliza.

Isipokuwa Susu Kalunde, ambaye hakuwa ameondoka kwenye kigoda chake. Akamtazama Mwende kwa muda, kichwa upande. Kisha akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwende, mimi ni mwanamume?"

Pua yangu ilikuwa bado inawasha.

"Ndiyo."

"Na huyu Mutisya mwenye kofia, huwa ananyonyesha?"

"Ndiyo."

Mtu akacheka kule dirishani. Susu hakucheka. Alifuata macho ya mtoto, polepole, kama mtu anayefuata uzi kutafuta ulikofungwa, akapita meza, akapita magoti ya Mjomba, akafika kwangu, akanikuta na vidole viwili puani.

"Wewe mwenye pua," akasema. "Toka nje."

"Susu, mtoto ataogopa nikimwacha."

"Ataogopa nini? Tangu aingie hapa sijamwona akiniogopa mimi. Nimemwona akikuogopa wewe."

Nikatoka. Nilipita katikati ya hadhara yote ile, hereni zikilia, nikafika mlangoni nikapiga chafya saba mfululizo, za bure, zisizo na maana yoyote.

Nje nikasimama na mbuzi. Nikawahesabu, watatu, nikawahesabu tena. Ndani sikusikia chochote kwa muda, na nilijiambia nikisikia kelele ni mbaya, nikisikia kimya ni mbaya zaidi, na nilikuwa nasikia kimya. Nilifikiria ile miaka minne ya Kioko. Nilimfikiria akirudi kwenye kile chumba chake cha Athi River, anafungua mlango, anakaa kitandani, kwa sababu ya mwanamke aliyetaka kuokoa sura ya paja la mbuzi. Halafu nikasikia kicheko, kisha kingine, kisha kimya tena, na nilipogeuka nisikie vizuri ndipo nikaona ukuta. Jua lilikuwa limeiyeyusha polishi. Mbuzi mweusi, kwa kuwashwa, alikuwa amejisugua kwenye ile chokaa mpya, akaenda na kurudi, akaacha mstari mweusi mpana, tangu kwenye kona mpaka chini ya dirisha, kama mtu aliyeanza kuandika barua ndefu ya kunishtaki. Nikajaribu kuufuta kwa kitenge. Ukapanuka.

"Mama Mwende, unaitwa."

Mwende alikuwa amekaa magotini mwa Susu, anatafuna chapati (ya tano). Ndinda alikuwa amerudi, amesimama, mikono amekunja. Susu akasema, bila kuniambia nikae:

"Huyu mtoto amesema mjomba wake hanywi. Amesema anaimba kwaya, na anaimba vibaya. Amesema Athi River hana mke, ako na kitanda na baiskeli isiyo na breki. Amesema akija kwenu anamtaja Ndinda mpaka ugali unapoa, na wewe unamwambia amalize kutaja ndipo ale. Ni kweli?"

"Ni kweli, Susu."

"Amesema pia umempaka mbuzi polishi. Mkebe mzima. Na amesema unauza viatu vya kushoto viwili. Hayo ya viatu sikumuuliza, amenipa nyongeza."

Nikamwona Mzee Mutisya akivuta miguu yake polepole chini ya kiti, akiangalia viatu vyake, akilinganisha. Mzee wa watu alikuwa amevinunua Machakos.

"Mwende," nikamwambia, sijui kwa nini, labda nilitaka kusikia kitu chochote cha kunitetea, "mbona umesema yote hayo?"

Mtoto akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Hukuwa hapa, Mama. Nikaona niseme tu vile iko."

Hukumu yangu ilikuwa fupi: nimwoshe mbuzi hapo uani, mbele ya watu wote. Na Mwala maji hayafunguliwi kwa mfereji, unayafuata kwenye mchanga wa mto, unachimba, unachota kwa kata, kwa hivyo nilikwenda huko na mtungi wa plastiki kichwani, na hereni, na viatu vya visigino, watoto kumi na sita nyuma yangu wakiimba wimbo walioutunga papo hapo. Kama hujawahi kuosha polishi kwa maji nikwambie, maji hayaitoi, yanaitandaza. Nikaletewa sabuni ya mche, nikaletewa majivu, nikaletewa gunzi. Mbuzi alipiga kelele kama anayechinjwa, mimi nikateleza nikakaa kwenye tope, akina mama wa upande wao wakapiga vigelegele, na nilipomaliza mbuzi alikuwa mweupe pajani na mimi nilikuwa mweusi mpaka viwikoni. Ni hapo ndipo nilipohesabu wale watu arobaini na mmoja. Ni hapo pia mbuzi, kwa kuchoka na mambo yetu, alipojilaza.

Susu Kalunde akaja na fimbo yake. Akainama, akalipapasa lile kovu kwa kidole gumba.

"Hiki tu?" akasema.

"Hicho tu, Susu."

"Seng'enge?"

"Seng'enge."

"Mutisya, njoo uone. Huyu aliumia akapona mwenyewe. Huyu hachinjwi, huyu anabaki anizalie." Akanigeukia. "Ungetuonyesha kovu tungemchagua wa kwanza. Kwa nini ukampaka?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi, mimi sikosi maneno, ninaweza kumweleza mteja kwa nini tundu ni hewa ya mguu. Lakini Mwende alikuwa amesimama hapo kando yake, ananitazama usoni kama anavyonitazama siku zote, akingoja aone jibu ni lipi, na sikuthubutu kujikuna popote.

"Niliogopa mtamkataa," nikasema. "Nikaogopa mtamkataa Kioko."

"Sasa hilo," Susu akasema, "ungelisema sebuleni ungekula nyama ikiwa moto."

Mzee Mutisya akaitundika kofia. Wakarudi ndani kuuliza lile swali la mwisho, ambalo huulizwa msichana mwenyewe, kama mbuzi hawa waliwe ama warudi kwao. Nami nilikuwa nimekwisha kunawa, nimefika mlangoni, mguu mmoja umeingia, niliposikia sauti ya Ndinda, ya ualimu, wazi kabisa:

"Nitajibu. Lakini kwanza nataka Kioko aniambie yeye mwenyewe kwa nini anataka kunioa. Na dada yake awe nje."

Nikautoa mguu.

Basi ndiyo maana mimi, niliyenunua mbuzi, niliyekodi pikapu, niliyeambiwa niachiwe mimi, ndiye mtu pekee wa ukoo wetu ambaye hakusikia alichosema Kioko siku ile. Nilisikia tu vigelegele vilipolipuka, nikajua wamekubali kula, nikamkumbatia mbuzi aliyekuwa karibu. Nimemuuliza Kioko mara nyingi. Anasema alisema tu vile mtu husema. Nimemuuliza mama yangu. Anaanza kulia, anashindwa kueleza. Mwende nilimuuliza tukiwa njiani kurudi, nikamwahidi soda, nikampandishia zikawa mbili. Akafikiria sana, akaniambia, "Mama, alisema vizuri. Kama ungekuwepo hangesema hivyo."

Ule mpango wa pua na sikio niliufuta Jumatatu iliyofuata, na wateja wakipungua wapungue. Nimeapa: mtoto wangu akiulizwa jambo, na sasa wajukuu pia, mimi natafuta mlango. Nasimama nje nasubiri, hata kukiwa na baridi, hata wakiniita nirudi, na mkinikuta huko msinionee huruma wala msidhani nimefukuzwa. Nimejitoa mwenyewe, ili ndani mtu aseme vile iko.